Kwa dogo anayeingia akademi ya soka akiwa bado sekondari

Dogo, tuanze na hesabu, maana kila mtu anakuambia "usiache shule" na hakuna anayekuonyesha pa kukazia. Kidato cha nne NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huhesabu masomo yako saba bora: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. D zote saba ni pointi 28, daraja la nne. Zigeuze D tatu tu kuwa C, unafika 25, daraja la tatu, na C tatu ndiyo sifa ya chini ya kuingia kidato cha tano. Kwa hiyo chagua matatu yanayounda kombi, yaani mchepuo wa kidato cha tano, tuseme Historia, Jiografia na Kiswahili, uyape muda wako mzuri. Ila Hisabati usiitupe: kama umesajili masomo saba tu, F yake inakurudisha pointi 26, daraja la nne, na hapo utahitaji C ya nne kuifidia.

Muda mzuri si usiku. Mazoezi yameisha saa 12 jioni, umetembea hadi nyumbani, umeteka maji, umekula. Ukurasa mmoja utausoma mara nne. Lala saa 3, amka saa 11 alfajiri, soma saa moja, somo moja. Shuleni kama hakuna chakula cha mchana, beba mihogo ya kuchemsha na karanga, ule mapema kabla ya mazoezi.

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ni tamu, lakini ukivuka wilaya, mkoa hadi taifa, vipindi vya wiki kadhaa vinakupita. Kabla ya kambi mwachie rafiki mwenye mwandiko unaosomeka daftari tupu, na umwombe mwalimu wa taaluma tarehe ya kufanya majaribio utakayoyakosa. Ukinyamaza, nafasi ya alama zako inabaki wazi, na alama za maendeleo huhesabiwa.

Sasa hili la umri, ambalo wakubwa hulisema kwa kunong'ona. Utaambiwa upunguze miaka mitatu na utafutiwe cheti kipya cha kuzaliwa, pengine na jina jipya. FIFA imekuwa ikipima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 tangu 2009, kwa hiyo kukamatwa kupo. Hata usipokamatwa, goti likiisha ukiwa na miaka 22 utajikuta na cheti cha kidato cha nne cha mtu mmoja na pasipoti ya mwingine. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, usajili wa NECTA, pasipoti na usajili wa TFF, shirikisho la soka, vifanane herufi kwa herufi. Ramadhani asigeuke Ramadhan. Kagua orodha ya majina ya shule kabla haijatumwa NECTA.

Mkataba je? Chini ya miaka 18, FIFA hairuhusu uzidi miaka mitatu, na uhamisho wa nje ya nchi umezuiwa isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu soka. Wakala akisema una miaka 16 na Uturuki inakusubiri, muulize anatumia sababu ipi. Mara nyingi simu yake hukatika hapo.

Na kabla mzazi hajasaini, ombeni kiandikwe kifungu cha ruhusa kwa siku zote za mtihani wa Novemba, kwa sababu ligi nayo wakati huo imepamba moto. Ahadi ya mdomo huondoka na kocha, na makocha wa hapa kwetu hawakai.