Kabla Hujaongeza Wanakijiji Ishirini Kwenye Gemu Yako

Vijana wawili wa hapa Kisumu wametengeneza gemu ya simu ya kuishi kijijini kando ya ziwa. Unalima, unavua, unazoeana na majirani, ukipenda unaoa au unaolewa. Wenzao wameipenda, na sasa wanataka kutoa toleo la pili. Kazi yangu ni kuandika na kuhariri mazungumzo ya wahusika, kwa hiyo waliniletea orodha ya wanakijiji wapya ishirini, kila mmoja na mchoro wake, wakauliza nitaanza na nani. Nikawaambia nitaanza na wale wa zamani. Hawakufurahi hata kidogo. Haya nayaandika kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye mpango kama wao.

Kinachochosha kwenye gemu za kuiga maisha si sura, ni maneno. Siku mchezaji anapompita jirani bila kumsalimu kwa sababu anajua atajibiwa nini, jirani huyo kwake ameshakwisha. Ukimletea mgeni mwenye mistari michache ileile ya "karibu" na "leo jua ni kali," utapata wiki moja ya msisimko, kisha naye atapitwa vivyo hivyo.

Chukua Animal Crossing: New Horizons ya mwaka 2020, gemu ya kuishi kisiwani na majirani wanyama. Ina wanyama zaidi ya 400 wanaoweza kuhamia kisiwani kwako, ila kisiwa kinabeba wakazi 10 tu kwa wakati mmoja, na wote hao zaidi ya 400 wamegawiwa tabia 8. Ukiwa na majirani wawili wa tabia moja, hukawii kusikia wa pili akisema alichosema wa kwanza asubuhi, tofauti ikiwa ni manyoya na shati. Gemu ni nzuri, sibishi, na kuna watu waliovuka mwaka ule mgumu wa korona salama kwa sababu yake. Lakini kama sura nyingi zingekuwa dawa, malalamiko kuhusu mazungumzo yanayojirudia yasingekuwepo.

Sasa tazama upande wa pili. The Sims ya kwanza, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na familia ya Goth: Mortimer, mkewe Bella, na binti yao Cassandra. Humo mtoto hakui, anabaki mtoto daima. The Sims 2 ilipotoka mwaka 2004 watengenezaji waliisogeza hadithi miaka 25 mbele. Mortimer amekuwa mzee wa mvi, Cassandra ni mtu mzima mwenye uchumba unaotia shaka, na Bella ametoweka, hayupo. Familia ni ileile, lakini mtu aliyeijua zamani aliingia na maswali yake mwenyewe kabla gemu haijamwambia lolote. Juu ya hapo, wahusika wakapewa kumbukumbu, matamanio na hofu: aliyefumaniwa alikumbuka, aliyefiwa alikumbuka. Kutoweka kwa Bella hakukugharimu hata mhusika mmoja mpya, na mpaka leo watu wanakujadili.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote ni Kent wa Stardew Valley, gemu ya kulima na kuishi na wanakijiji. Ukianza gemu ile, Kent hayupo. Kuna Jodi, mama wa nyumbani mwenye watoto wawili, Sam na Vincent, na kwa vipande vipande unaelewa kwamba mumewe yuko vitani. Unaishi nao mwaka mzima wa gemu. Siku ya kwanza ya mwaka wa pili Kent anarudi, na hapo baadaye kuna tukio: Jodi anatengeneza bisi jikoni, zinaanza kulipuka kwenye sufuria, na Kent anachanganyikiwa kwa sababu sauti ile imemrudisha alikotoka. Kwa sheria za gemu Kent ni mhusika mpya. Kwako wewe mchezaji si mgeni, maana ulimjua kwa midomo ya watu wake kabla hujamwona. Na kuja kwake kunamgeuza pia Jodi, uliyedhani umemmaliza.

Hivyo ndivyo mtu mpya anavyoingizwa.

Nirudi kwa wale vijana. Kwenye toleo lao la kwanza kuna Mama Atieno, muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, mahali palipochorwa kwa kuiga Dunga. Ana mistari sita. Niliwauliza, "Mama Atieno hufanya nini Aprili?"

"Anauza omena, dada."

"Uvuvi wa omena si hufungwa Aprili mpaka Julai?"

Wakatazamana. Yule mkimya, ambaye mama yake anauza samaki kweli, ndiye aliyejibu. "Anauza ile aliyokausha Machi. Ikiisha anahamia nyanya. Lakini nyanya si zake, ni za shemeji yake wa Ahero, na hapo ndipo ugomvi huanza."

Nilimwomba arudie polepole niandike. Ndani ya sentensi tatu alikuwa amenipa miezi minne ya Mama Atieno. Mei meza ina nyanya, na ukimuuliza omena anakujibu kwa mkato. Juni hayupo mezani, amekwenda Ahero kudai au kudaiwa, hatujaamua. Agosti mitumbwi inatoka tena usiku na taa zake, na yeye amechangamka, anakuongezea konzi juu ya gorogoro, lile kopo la kupimia, hata kama hukuomba. Na shemeji, ambaye kwenye orodha ya wale ishirini hakuwepo kabisa, ameshapata mlango wa kuingilia: mchezaji atakuwa amemsikia akilaumiwa miezi kadhaa kabla hajaja mwenyewe, na akija atakuta ana maelezo yake.

Wale ishirini walikuwa akina nani? Kulikuwa na mwimbaji, daktari, mchezaji mpira, mwanamitindo, pacha wawili wa kuchekesha. Wamechorwa vizuri sana, kijana anayechora ana mkono. Ila hakuna hata mmoja aliyemjua mwenzake, wala aliyemjua mtu wa toleo la kwanza. Walikuwa kama abiria wa matatu ya Kisumu kwenda Busia, kila mmoja na safari yake.

Halafu kuna hesabu, na hii iwekwe mezani mapema, hasa kama timu ni watu wawili na laptopu moja. Mwanakijiji anayekusalimu tofauti kila siku ya wiki katika majira manne anahitaji mistari 28, kabla hujagusa mvua, sikukuu, zawadi anazopenda na anazochukia, na maneno yanayobadilika urafiki ukikua. Ishirini ni mistari 560 ya salamu tupu. Kila mmoja anataka pia nyumba, ratiba ya mahali anapokuwa saa fulani, na michoro ya uso akicheka na akikasirika. Michoro inaongeza uzito wa gemu, na mchezaji wako anaipakua kwa bando. Mstari mpya wa Mama Atieno ni maandishi tu. Nyumba anayo, uso anao, na watu wanamjua.

Utaambiwa kwamba wachezaji wenyewe wanadai wapya, hasa wachumba. Ni kweli wanadai. Lakini tazama alichofanya Eric Barone, aliyeitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne hadi ikatoka Februari 2016. Mwaka huohuo aliongeza wachumba wawili, Emily na Shane, na wote wawili walikuwa wanakijiji waliokuwepo tayari. Shane mwanzoni anakufukuza ukimsemesha. Ukivumilia unagundua pombe na huzuni iliyo nyuma ya ukali ule. Mwaka 2019 sasisho lingine liliwapa wenzi wa ndoa matukio mapya ya baada ya harusi, mahali ambapo gemu nyingi za aina hii humwacha mke au mume asimame jikoni akirudia mstari mmoja mpaka mwisho wa dunia. Hapa ndipo ningewekeza kwanza kama gemu ingekuwa yangu. Watu wanatumia wiki nzima kumtongoza mtu, wanamwoa, naye anageuka fenicha.

Barone huyohuyo alipotaka watu wapya kabisa, hakuwarundika Pelican Town, mji wa Stardew Valley. Alitangaza gemu nyingine mwaka 2021, Haunted Chocolatier, yenye mji wake. Waliotengeneza My Time at Portia nao walifanya hivyo: My Time at Sandrock, iliyokamilika mwaka 2023, iko kwenye dunia ileile lakini mji wa jangwani wenye wakazi wake na shida zake za maji. Mahali papya panadai watu wapya, hiyo haina ubishi. Kama vijana wangu wangeniambia toleo la pili liko Kericho kwenye majani chai, au Nakuru mjini, ningeipokea ile orodha kwa mikono miwili na kuomba wengine.

Iko njia ya tatu, ya kuchukua majina na sura za zamani na kuzipa maisha mengine, ambayo siipendekezi ila lazima niitaje kwa sababu nililelewa nayo. Utotoni Nakuru, kule Langa Langa, tulikuwa na PlayStation kuukuu na gemu ya shamba, Harvest Moon: Back to Nature. Kaka yangu alitaka mashindano ya farasi tu. Mimi niliachiwa kusoma maneno. Nilimjua Karen kama binti wa duka la mji, na Elli kama muuguzi wa kliniki. Miaka mingi baadaye nikacheza Harvest Moon 64, ya mwaka huohuo wa 1999 lakini iliyotangulia kwa miezi, nikamkuta Karen ni binti wa shamba la zabibu mwenye baba mgumu, na Elli yuko kwenye duka la mikate. Majina yaleyale, sura zilezile, maisha mengine. Inafurahisha kwa mara moja, kama kukutana na ndugu wa mtu unayemjua. Lakini kila nilichokuwa nimejenga na Karen wangu hakikuwa na maana kule. Ukiichukua njia hii, mwambie mchezaji waziwazi kwamba hii ni hadithi nyingine, asije akasubiri kukumbukwa.

Mambo machache niliyowaachia, bila mpangilio. Funika majina kwenye faili la mazungumzo, mpe mtu asome, mwambie akisie nani anasema nini. Wanaochanganywa, waunganishe au waandike upya. Waandikie wahusika maneno ya wao kwa wao ambayo mchezaji anayasikia tu akipita: Mama Atieno na mvuvi wanaweza kubishania timu ya Gor Mahia bila kumjali kabisa. Gugu maji likiziba ufuko, wavuvi wasionekane ziwani, waonekane kibandani wakinywa chai ya mkopo. Na mtu mmoja wa zamani aondoke. Aende Nairobi kutafuta kazi, nyumba ifungwe kufuli, jirani apewe ufunguo, na mchezaji akiuliza kila mtu ampe sababu yake. Hilo halihitaji mchoro wowote zaidi ya kufuli.

Wamenisikiliza nusu. Orodha imeshuka kutoka ishirini hadi watatu: shemeji wa Ahero, mtoto wa mvuvi aliyekuwa shule ya bweni, na wa tatu ambaye bado tunamgombania. Mimi nataka mwalimu aliyehamishiwa kijijini, anayepanga chumba kwa Mama Atieno na kuchelewesha kodi. Wao wanataka yule mchezaji mpira, na mchoraji ameshamvalisha jezi.