Dai za bomba na kidumu cha oili chafu

SWALI: Mimi fundi bomba, niko Wete. Dai zangu, vile vifaa vya kukatia nyuzi kwenye ncha ya bomba, zilikaa stoo masika yote, sasa zimeshika kutu. Ile ya nusu inchi nimeifungua meno yote manne nikayasafisha, lakini nikikata bomba uzi unatoka umechanikachanika. Mwenzangu kanambia niziloweke kwenye oili chafu iliyomwagwa kwenye injini, usiku kucha, kisha nizipige grainda yenye burashi ya waya. Ni sawa?

JIBU: Kaka, kwanza yatoe tena meno hayo uyatazame ubavuni. Yana namba, 1 mpaka 4, na kwenye kichwa cha dai kila nafasi ina namba yake. Nahisi uliyarudisha shaghalabaghala. Kila jino linaendeleza njia ya lililotangulia. La 2 likikaa pahala pa la 3, yanagombana na uzi unachanika. Yapange, kisha jaribu kwenye kipande cha bomba kibovu. Likichana bado, basi makali yamelika: nunua meno mapya, na nenda dukani na kichwa chenyewe mkononi ulinganishe. Dai ya bomba la nusu inchi ni nyuzi 14 kwa kila inchi, ya bomba la inchi moja ni 11. Usikubali kuambiwa "hizi zote sawa".

Sasa hiyo oili chafu. Hapa kwetu imefanywa mwarobaini: bawaba ikilia, oili chafu, mnyororo wa baskeli, oili chafu, nati imekataa, oili chafu. Oili mpya ina dawa ya kuzima asidi inayozaliwa ndani ya injini. Ikifika kumwagwa, dawa hiyo imeshaliwa sana. Ndani yake mna masizi na unga wa chuma, na aghalabu asidi na maji kidogo. Gari imebadilishwa oili ili uchafu huo utoke, wewe unauchukua ukaulazie dai usiku mzima!

Na hata ingekuwa mpya ya koponi, mafuta hayayeyushi chumvi. Hili ndilo wengi hawataki kulisikia. Upepo wa bahari unaacha chumvi juu ya chuma, chumvi inavuta unyevu, na ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu. Chini kutu inaendelea na kazi yake. Mafuta ya taa nayo yanatoa grisi na maganda ya chuma, chumvi yanaiacha pale pale. Kwa hiyo anza na mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, uchokoe baina ya meno. Halafu osha kwa maji ya moto yasiyo ya chumvi, na sabuni. Kausha dakika ile ile, tena kausha khasa, kwenye jua kali. Ndipo upake oili safi, nyembamba, uifunge dai kwenye kitambaa kikavu, na usiiweke juu ya sakafu ya saruji.

Grainda iweke mbali kabisa. Makali ya dai ni membamba na waya unaweza kuyaharibu. Dai za bei rahisi zikipata moto zikageuka buluu, ugumu wake umekwenda na haurudi.

Halafu wapo wanaokatia nyuzi kwa oili hiyo hiyo, na hawa ndio wanaonitia hasira. Bomba lile linapeleka maji ya kunywa. Niliwahi kuitwa nyumba moja Mkoani, wenyewe wanalalamika maji yananuka, wameshaosha tangi mara mbili. Nikafungua yunioni, kile kiungo cha bomba: katani ya kuzibia uzi nyeusi tititi, na ukiisugua baina ya vidole unasikia mchanga wa chuma. Fundi aliyefunga alikuwa na kidumu chake, kama chako. Na mikono yake imo humo kila siku. Masizi ya oili ya injini yana sumu za kuleta saratani ya ngozi. Mafuta ya kukatia nyuzi yapo madukani. Ukiyakosa, oili mpya itakuvusha siku hiyo, na ukimaliza kukata futa uzi kwa kitambaa ndani na nje kabla hujazungusha katani.