Muulize Fundi: Zote zinaingia, nichukue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Lushoto, natembeza wageni kwa baiskeli hadi Irente. Baiskeli moja ni mtumba wa Ulaya yenye shokapu nyuma, na gurudumu lake hupanda milimita 140. Shokapu yake ya upepo imekufa, ukijaza haishiki hata nusu saa. Imeandikwa 7.875 x 2.0, ila mimi nikipima kwa rula napata sentimita 17. Nimeonyeshwa mbili zilizotumika: ya springi 200 x 57 na ya upepo 200 x 51. Naipenda ya springi, inaonekana ya kazi. Muuzaji anasema zote zinaingia.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Rula iweke kando. Shokapu isiyo na upepo hujikunja kwa uzito wa baiskeli, kwa hiyo hizo 17 si urefu wake. Fuata maandishi, ambayo ni inchi: 7.875 ni milimita 200, katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ikiwa imenyooka. Ile 2.0 ni milimita 51 za stroki, yaani kiasi ambacho shafti, ile nguzo inayong'aa, inazama ndani ya shokapu.

Muuzaji hajakudanganya, zote zitaingia. Kasheshe ni pale utakapotua kwa nguvu. Chukua urefu, toa stroki. Ya zamani: 200 toa 51, inabaki 149. Hiyo ya springi: 200 toa 57, inabaki 143. Itazama milimita 6 kupita fremu ilivyokusudiwa, na kwenye baiskeli yako kila milimita moja ya shokapu ni karibu 2.75 za gurudumu. Tairi litapanda milimita 16 za ziada, na hapo juu kuna bomba la kiti. Nayajua haya kwa sababu niliifanyia baiskeli yangu mwenyewe. Wiki ya tatu tairi lilikuwa limekula rangi na kuanza kula bati, na mimi nilikuwa nalaumu matope.

Hata stroki zingelingana, nisingekupa springi. Springi hutengenezwa kwa uzito mmoja. Ikiandikwa 450, maana yake inahitaji paundi 450 kubonyea inchi moja, basi. Ningekuwa najua baiskeli ni yako peke yako, unapanda kila siku, ningekuambia tafuta springi inayokufaa usahau habari za pampu. Lakini leo unampa binti wa kilo 55, kesho mzee wa kilo 100. Utabeba springi ngapi mgongoni?

Chukua ya upepo 200 x 51. Kabla ya kulipa, ijaze, iache usiku kucha, na ukague shafti: ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, irudishe, maana itakula sili, yaani mpira unaozuia upepo usitoke. Bushi nazo, vile vipande vya kwenye matundu ya kufungia, pima upana kwa vanier, ile rula yenye taya, usikisie. Ukiletewa 210 x 55, hivyo ni vipimo vilivyoanza kuenea 2016, si vya fremu yako.

Nunua na pampu yake yenye geji ya kupima upepo hadi psi 300. Najua valvu inafanana na ya pikipiki, na najua kuna kompresa pale kwa mziba pancha. Usiende. Chumba cha upepo ni kidogo mno, kompresa inakijaza kabla hujasoma geji.

Mgeni akifika, sukuma ile pete ya mpira iliyovaa shafti hadi ikutane na sili, mwambie akae taratibu na begi lake mgongoni, ashuke bila kurukaruka. Pete ikiwa imesogea milimita 13 hadi 15, mwache aende. Ikizidi, ongeza upepo. Ukichomoa pampu utasikia "psss". Huo ni upepo wa mpira wa pampu, usirudi kujaza tena.

Ile iliyokufa usiifungue. Ikiwa inabaki imejikunja hata baada ya kujazwa, kuna upepo umenaswa upande wa pili, na kifuniko kinaweza kuruka usoni.