Maiki haijui umemwekea nani

Mdogo wangu unayeanza ufundi mitambo ya sauti, vidole vitakuwasha kila sauti ikiharibika. Utataka kutengeneza yote kwenye miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Mimi nilihangaika hivyo karibu mwaka mzima kwenye kanisa dogo huku Moshi: paa la bati, kuta tupu, waimbaji kumi na wawili, na dramu mita moja na nusu nyuma yao. Nikipandisha kwaya, dramu zinapanda nayo. Nikiongeza kidogo tena, maiki zinalia kwa mluzi wa spika, waumini wanageuka kunitazama.

Kosa lilikuwa jukwaani. Maiki inapokea chochote kinachoifikia, na maiki zangu zilikuwa zinamtazama mwimbaji huku nyuma ya mwimbaji kuna dramu. Yaani upande wa maiki unaosikia vizuri kuliko yote ulielekea sawasawa kwenye kelele niliyokuwa naikimbia. Tulipozihamishia dramu pembeni na kwaya ikasogea mbele hatua mbili, nilipata nafuu ambayo ikwalaiza, vile vitufe vya kurekebisha besi na makali, haikuwahi kunipa. Maiki ya kawaida ya kuimbia, kama Shure SM58, husikia sauti ya ubavuni pungufu kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ya mgongoni kidogo kabisa. Ndiyo maana monita yake, spika ya mwimbaji kujisikilizia, huwekwa nyuma yake moja kwa moja. Ila angalia aina: Beta 58A bado inasikia kiasi fulani mgongoni, na sehemu yake iliyo kiziwi zaidi iko kwenye nyuzi kama 120 kutoka mbele, kwa hiyo monita isogezwe pembeni kidogo.

Halafu umbali. Waimbaji wetu wengi, kwa aibu au heshima, huishika maiki kifuani. Akiitoa sentimita 20 na kuileta sentimita 5 kutoka mdomoni, sauti yake kwenye maiki inaongezeka kwa takriban desibeli 12, wakati dramu ziko palepale. Hapo unashusha geini, yaani nguvu ya maiki kwenye miksa, kwa kiasi hichohicho, na dramu zilizovuja zinashuka nayo. Besi ya sauti yake itavimba kwa sababu ya ukaribu; kata sauti za chini ya hezi 100 na utaelewana naye. Usimwelekeze mwimbaji mbele za watu. Mwendee mwalimu wa kwaya kabla ya ibada, mwambie, "Mwalimu, naomba wasogeze maiki mdomoni," naye atalisema kwa namna yake.

Vijana wa hip hop wa Arusha wana tabia nyingine, ya kukifumba kichwa cha maiki kwa kiganja. Inapendeza kwenye picha, lakini maiki inapoteza mwelekeo wake, inaanza kusikia pande zote na kulia. Waombe washike mpini. Wakikataa, shusha monita yao kabla hawajaanza.

Usifungue maiki nyingi kwa kuogopa kwamba hazitatosha. Kila ukizidisha mara mbili idadi ya zilizo wazi, kiasi unachoweza kupandisha sauti kabla maiki hazijalia kinapungua kwa kama desibeli 3. Kwaya ya watu kumi na wawili inatoka vizuri na maiki tatu. Zikiwa sentimita 30 kutoka kwa waimbaji, ziachane angalau sentimita 90. Na ya mhubiri ifunge wakati kwaya inaimba. Hii watu wanaisahau kila Jumapili.

Pazia zito nyuma ya dramu linapunguza makali ya sahani zake, ila kiki, ile dramu kubwa ya mguu, haijali pazia. Mpiga dramu mwenye mkono mwepesi ana thamani kuliko pazia lolote. Zungumza naye kama mwenzako.

Masika ikipiga bati, usishindane nayo. Nimeona mafundi wakifukuza mvua kwa geini mpaka spika zikaanza kupiga mluzi. Waache waimbe, subiri ipungue.

Wakati wa kujaribu sauti, fanya hivi: bendi nzima ipige, mwimbaji asimame kwenye maiki yake lakini akae kimya. Vaa hedifoni, sikiliza maiki hiyo peke yake. Unachokisikia hapo ndicho kinachovuja. Kisha aimbe. Kama bado dramu zinamzidi, vua hedifoni, achana na miksa, panda jukwaani.