Kabla ya Kuilaumu Polima, Angalia Maji Yako

Wanafunzi wa kemia hapa Mwanza huniuliza kama inawezekana kufanyia kazi polima (molekuli ndefu kama mnyororo) zinazobadili umbo kwa gesi bila maabara ya mabilioni. Inawezekana. Ila mimi huanza na maji, polima baadaye.

Mnyororo wa polima hizi una sehemu mbili: moja inapenda maji, nyingine inayakimbia lakini imebeba amini au amidini, yaani vikundi vya nitrojeni vinavyonasa asidi. Majini, minyororo hujipanga yenyewe kuwa vifuko vya kipimo cha nanomita. Ukipitisha hewa ya ukaa, inayeyuka na kutengeneza asidi ya kaboni. Amini zinapokea protoni (chembe za asidi zenye chaji chanya), zinapata chaji, zinasukumana. Kifuko kinavimba, au kinasambaratika kabisa. Ukipitisha nitrojeni au agoni, ukaa unatoka na kifuko kinarudi. Mwaka 2011 Qiang Yan, Jinying Yuan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walieleza vifuko vya amidini "vinavyopumua" namna hiyo. Raha ya gesi ni kwamba inaondoka zake, wakati asidi na alkali huacha chumvi kila mzunguko.

Sasa maji. Bomba letu linatoa maji ya Ziwa Victoria, na yana baikaboneti, inayozuia asidi kushusha pH (kipimo cha uasidi: namba ndogo, asidi zaidi). Maji safi yaliyoshiba ukaa hushuka hadi pH 3.9 hivi, haya ya kwetu hugoma juu ya hapo. Tena ioni zake (chembe zenye chaji) hufunika chaji za polima, kifuko kikavimba pungufu. Kwa hiyo tumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Maji ya betri ya dukani (ya kuongezea, si asidi) yanafaa kwa mazoezi tu. Usiyaamini kwa vipimo.

Halafu andaa sampuli ya pili, uishushe kwa asidi ya hidrokloriki hadi pH ileile. Bila hiyo huwezi kusema kama kazi imefanywa na gesi yenyewe au na protoni tu. Hapa huwa mkali, maana wengi huiruka hatua hii. Pima na joto pia: maji ya moto hubeba ukaa kidogo. Mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 hupunguza gesi inayoyeyuka, lakini pH haitikisiki sana. Usitafute mchawi huko.

Kabla hujalipia kipimo cha ukubwa wa vifuko, hakikisha mpira wako wa gesi unaipitisha vizuri. Tia bromothaimoli bluu, rangi inayobadilika kwa uasidi, kwenye chupa ya pembeni isiyo na polima, kwani rangi hiyo hung'ang'ania polima yenye chaji. Njano ukaa umeingia, bluu umetoka. Kwa chupa hiyo maji ya bomba yanatosha kabisa, maana hapo hupimi polima.