Ukipanda ni Dereva, Ukikokota ni Mtembea kwa Miguu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mwendesha baiskeli anapofika kwenye makutano ya barabara anapaswa kufuata taa za magari au za watembea kwa miguu. Kwa maoni yangu, inategemea kama amepanda au ameshuka, wala si taa ipi imewahi kuwa ya kijani.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri, kwa hiyo aliyeipanda husimamishwa na taa ileile inayomsimamisha dereva wa gari. Akishuka na kuikokota, nchi nyingi humhesabu kuwa mtembea kwa miguu. Shida ni sisi tunaotaka kuwa vyote viwili kwa mpigo: tunakuja na magari, taa nyekundu ikituwakia tunaparamia njia ya waenda kwa miguu, kisha tunakatiza kwenye milia huku bado tunakanyaga pedali.

Nilikuwa na mchezo huo kwa miaka mingi, mpaka siku gari lililokuwa likikata kona liliponifungia breki na kioo chake cha pembeni kikaupiga usukani wangu. Nilimfokea dereva, ingawa kosa lilikuwa langu. Dereva anayekata kona hutupia jicho ukingo wa kivuko, akitarajia mtu anayekwenda kilomita kama 5 kwa saa, ilhali baiskeli ya kilomita 18 kwa saa hupita mita 5 kila sekunde. Alipotazama sikuwepo, alipogeuza usukani nilikuwa mbele ya boneti.

Zipo ruhusa, lakini huandikwa palepale penyewe. Uingereza ina vivuko viitwavyo toucan, ambavyo mwendesha baiskeli huvuka bila kushuka, na taa yake huonesha mtu na baiskeli. Ufaransa huweka chini ya taa kibao cha pembetatu chenye baiskeli ya njano na mshale, kinachomruhusu mwendesha baiskeli kupita taa nyekundu kuelekea huko, mradi awapishe wanaovuka. Kwa wanaopenda kutaja jimbo la Idaho, Marekani, ambako tangu 1982 baiskeli si lazima isimame kabisa penye alama ya kusimama, nawakumbusha kwamba sheria hiyo bado inamtaka mwendeshaji apunguze mwendo na kumpisha mwenye haki ya kupita.

Kinachonitia hofu zaidi ni kukata kona kwa kuvuka njia ya magari yanayokuja. Denmark, ambako magari hupita kulia, mwendesha baiskeli anayekwenda kushoto hunyoosha kwanza hadi kona ya ng'ambo, husubiri hapo, ndipo hugeuka na kuendelea njia ikiwa wazi. Mimi huiga utaratibu huo hata pasipolazimishwa, na makutano yakiwa yamejaa malori hushuka kabisa, nikaikokota baiskeli hadi upande wa pili. Kwa kawaida hunichelewesha mzunguko mmoja tu wa taa.