Mtoto akicheka unapomwonya juu ya kokeini

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameandika: amemwambia mwanawe wa miaka 15 kwamba kokeini inaua mara moja, mtoto akacheka. Mama, amecheka kwa sababu amesikia habari za mtu aliyeonja na kesho yake akacheza mpira. Sasa hata yale ya kweli uliyomwambia atayatilia shaka.

Walimu na wazazi, fundisheni kwa kutumia saa. Vijana wasizidi 10, dakika 40 zinatosha. Washa saa ya simu, wote wanyamaze sekunde 10: huo ndio muda, takriban, ambao moshi wa kraki, yaani kokeini ya kuvuta kwa moto, hutumia kutoka mapafuni hadi ubongoni. Kokeini ya unga, ya kunusa puani, huchukua dakika kadhaa. Halafu hesabuni raha yenyewe: ya kraki hukatika baada ya dakika 5 hadi 10, ya unga 15 hadi 30. Uliza: ikikatika, anabaki na nini? Waache waseme wenyewe. Ndipo ueleze dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta raha: kokeini huizuia isirudi ilikotoka, inajazana, kisha inapungua ghafla, na mtu anatamani tena kabla viatu havijavuliwa. Wapige hesabu ya usiku mmoja, franka kwa franka. Picha ya fuvu ubaoni, jamani, tuiache.

Walimu wengi husahau pombe. Mwenye unga huku kwetu, lutuku, pombe kali ya kienyeji, haiko mbali. Ini likikutana na vyote viwili hutengeneza kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na kuuchosha moyo zaidi. Naye hajisikii kulewa, basi anaongeza kikombe. Mishipa ya moyo inabana. Hata kijana wa miaka 18 anaweza kupata shambulio la moyo.

Dakika 10 za mwisho ni za mazoezi. Kifua kinauma, mwili unawaka au anapata degedege: hospitali, bila kungoja. Akiwa na degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni. Mwili ukiwaka, mvue shati, mpanguse kwa maji. Maziwa na mafuta ya mawese hayaondoi kitu, na yanaweza kuingia mapafuni. Rafiki aliyemleta huogopa polisi na baba wa mwenzake, basi hunyamaza mbele ya daktari. Kwa hiyo kila mmoja asimame aiseme kwa sauti: "Dokta, amevuta kraki na kunywa lutuku, nusu saa iliyopita."